Mzee wa geti aliniuliza: unajuaje hizo nyota ziko pamoja?

Juzi usiku kwenye saa 8 hivi nilikua bado macho nasubiri faili limalize kushuka, askari wa geti letu akaja akagonga dirisha. "Madam, uko sawa? Naona taa inawaka tu." Nikamwambia niko sawa Mzee, ni kazi. Huyu mzee alikua jeshini zamani na mimi nimezaliwa kambini, baba alikua mwanajeshi, kwahiyo sisi wawili tukikutana ni Kiswahili tu, hapa Mbarara, Uganda, watu wanaongea Runyankole na Kiswahili wengi wanakiona cha maaskari, sasa watu wa kambi tukipatana tunaongea mpaka tunasahau saa. Akauliza kazi gani hiyo ya mwalimu saa 8 usiku, ni mitihani? Nikaona maneno hayatatosha, nikatoka nje nikamwonyesha Kilimia, kile kikundi kidogo cha nyota ambacho Wazungu wanaita Pleiades, kilikua kimepanda juu upande wa kaskazini na mawingu yalikua yamefunguka kidogo. Nikamwambia Mzee, ile pale ndo kazi yangu.

Akaangalia kwa muda. Akasema hizo anazijua, enzi za ujana walikua wanatembea nazo porini usiku. Alafu akaniuliza, "Lakini Madam, unajuaje ziko pamoja? Pengine moja iko karibu na ingine iko mbali kabisa, ni macho yetu tu yanazipanga hapo."

Nilisimama na kikombe cha chai mkononi nikakosa pa kuanzia. Hilo swali ndilo maisha yangu, miaka 9 sasa, toka nianze masomo ya uzamili mpaka PhD mpaka hii laptopu inayochemka hapa mezani. Nilimjibu kidogo kwasababu baridi ilikua kali na yeye ana zamu yake, ila toka siku hiyo jibu halijanitoka kichwani, kwahiyo naliandika hapa lote.

Kwanza jina. Ninachosoma ni mafungu ya nyota, yaani nyota zilizozaliwa pamoja kutoka wingu moja la gesi na vumbi na bado zinashikana kwa uvutano wao. Vitabu vya Kiswahili vinasema fungunyota. Isichanganywe na kundinyota, kundinyota ni zile picha ambazo watu wamezichora angani wenyewe, kama Jabari au Nge, nyota zake mara nyingi hazijuani hata kidogo, moja iko miaka nuru 100 ingine 900 (mwaka nuru ni umbali ambao mwanga unasafiri kwa mwaka mmoja). Sasa hapo Mzee angekua na haki kabisa, mengi ya yale tunayoyaona yamekaa pamoja ni macho tu. Mwaka 2024 mwezi wa 8 tulikua Cape Town kwenye mkutano mkuu wa muungano wa wanaastronomia duniani, mara ya kwanza kabisa ule mkutano kuja Afrika, tukajikuta Wakenya Watanzania na Waganda meza moja ya chakula tunabishana, mmoja anasema afadhali tuite kishada cha nyota, kama kishada cha matunda, na mimi nilikipenda lakini fungu limeshazoeleka. Tulibishana mpaka chai ikapoa.

Swali la Mzee mtu alishalijibu kwa hesabu mwaka 1767, kabla watu hawajajua nyota yoyote iko umbali gani. Ni mchungaji mmoja wa Uingereza anaitwa John Michell. Alichukua nyota 6 zinazong'aa zaidi za Kilimia akajiuliza, kama nyota zote za mwangaza ule zingetawanywa ovyo angani kama mtu anayerusha mtama shambani, kuna uwezekano gani 6 ziangukie sehemu ndogo vile? Akapata karibu 1 kwa 500,000. Akasema basi hii sio bahati, kuna kitu kinazishikilia. Huwa nawasomesha wanafunzi wangu hiyo hesabu wiki ya kwanza kabisa, ili waone mtu bila vifaa vya maana anaweza kufika mbali kwa kuuliza vizuri.

Lakini hesabu ya Michell inakuambia tu kwamba fungu lipo, haikuambii nani ni mwanachama na nani anapita njia. Hapo ndo kazi ilipo, na naweza kueleza kwa kambi. Nilipokua mdogo kikosi kikihamishwa unaona malori barabarani, yote yanaelekea upande mmoja, mwendo mmoja, umbali uleule kati ya lori na lori. Katikati yao kuna boda boda, kuna taxi ya abiria, kuna lori la ndizi, yote unayaona pale pale barabarani lakini ukiangalia dakika mbili tu unajua yupi ni wa kikosi na yupi sio, kwasababu ya mwendo. Nyota ni hivyo hivyo. Zilizozaliwa pamoja zinasafiri pamoja. Kilimia chote kinatembea angani kuelekea kusini mashariki, polepole sana, kwa mwendo wake kupita upana wa mwezi mpevu kitachukua kama miaka 36,000, kwa hiyo babu wa babu yako alikiona palepale unapokiona wewe. Ila kifaa kizuri kinaweza kuona huo mwendo kwa miaka michache tu.

Na kifaa hicho ni Gaia. Nikisema nina deni kwa hiyo satelaiti nasema kweli. Wazungu wa shirika la anga la Ulaya waliirusha Desemba 2013, ikakaa kilomita milioni 1.5 kutoka duniani, ikawa inazunguka polepole inapima mahali pa kila nyota tena na tena na tena. Kwa nyota zinazong'aa usahihi wake ni kama mtu amesimama Kampala apime unene wa unywele ulioko Mombasa. Toleo la data la 2022 lina nyota kama bilioni 1.8, na hii ndo sehemu inayonigusa, data ni bure, siku ileile mtu wa Ujerumani anapoipata na mimi nimeipata, hakuna barua ya kuomba, hakuna kujuana. Mimi sina darubini kubwa. Hapa kwetu mawingu ni mengi, misimu miwili ya mvua, ukijenga darubini ya utafiti utaona paa lake kuliko nyota. Lakini nina intaneti ya usiku. Nanunua bando la usiku, kuanzia saa 5 mpaka alfajiri inakimbia vizuri, mchana usijaribu.

Ile satelaiti ilizimwa Machi 2025, gesi ya kuielekeza ilikua imefikia mwisho. Niliangalia habari yake nikiwa ofisini peke yangu na nilihuzunika kama nimefiwa, sitaki kulificha hilo. Data yake bado inashughulikiwa, toleo linalofuata limepangwa Desemba 2026 na mimi nahesabu miezi.

Sasa umbali. Mwendo peke yake hautoshi, lazima ujue pia zote ziko umbali mmoja, na hapa Kilimia kiliwahi kugombanisha watu karibu miaka 20. Njia ya kupima ni paralaksi: nyosha kidole mbele ya uso, funga jicho moja, alafu badilisha, kidole kinaruka, na kikiwa karibu zaidi kinaruka zaidi. Sasa badala ya macho mawili unatumia dunia ikiwa upande mmoja wa jua na baada ya miezi 6 upande wa pili. Satelaiti ya kabla ya Gaia, Hipparcos, data zake zilitoka 1997 zikasema Kilimia kiko kama miaka nuru 390. Njia zingine zote zilikua zinasema 440 hivi. Unaweza kuona ni tofauti ndogo, lakini ukikubali 390 maana yake zile nyota ni hafifu kuliko zinavyotakiwa kwa zaidi ya sehemu moja ya tano, na ile fizikia yote ya jinsi nyota inavyowaka inapata kasoro. Kilimia ndio fungu tunalolijua kuliko karibu yote! Ukikosea hapo huko mbali utafanyaje? Mwaka 2014 watu walitumia darubini za redio zilizounganishwa kutoka mabara tofauti wakapata karibu 444, na Gaia ikaja ikakubaliana nao. Hipparcos ilikua imekosea kwa Kilimia. Mimi hiyo hadithi inanipa moyo, watu waligombana kwa namba, wakasubiri kipimo, kipimo kikaja, wakaendelea na kazi.

Siku yangu ya kawaida basi. Asubuhi ni darasa, mwaka wa kwanza wako wengi sana na maabara ni ndogo, mchana vikao na kusahihisha, jioni napitia sokoni, nikifika nyumbani napika, nalala saa 3, naamka saa 6 usiku. Nachagua fungu, naomba kwenye hifadhi ya Gaia nyota zote ndani ya nyuzi 2 kulizunguka, zinakuja laki kadhaa, na kati ya hizo wanachama wa kweli pengine 400. Naandika programu kwa Python, inaangalia mahali, mwendo na paralaksi kwa pamoja, inatafuta palipo na msongamano usio wa kawaida, alafu inampa kila nyota uwezekano wake wa kuwa mwanachama. Umeme ukikatika naanza tena pale nilipohifadhi. Nimejifunza kuhifadhi kila dakika 10 baada ya kupoteza kazi ya wiki 3 disiki ilipokufa, kile kipindi sitaki hata kukikumbuka.

Alafu inakuja ile grafu. Kama kuna kitu kimoja ningependa kila Mganda akione ni hii grafu, ya Hertzsprung na Russell. Chini unapanga nyota kwa rangi, kushoto za buluu ambazo ni za moto zaidi, kulia nyekundu ambazo ni za baridi. Kwenda juu unapanga kwa mwangaza. Ukiweka laki zote zilizokuja mwanzo unapata wingu tu, vumbi, hakuna maana. Ukibakiza wale 400 wako, ghafla linatokea umbo, mstari mwembamba unatoka chini kulia unapanda kwenda juu kushoto, alafu mahali fulani unakata kona kwenda kulia. Kila mara ninapofuta wapita njia na ule mstari ukajitokeza nashika kichwa, hata leo, na nimeshauona mara mia.

Ile kona ndio umri. Nyota zote zilizaliwa wakati mmoja lakini hazizeeki sawa. Kubwa zinakula haidrojeni yao kwa pupa, nyota yenye uzito mara 10 ya jua inamaliza kwa miaka milioni makumi tu, jua letu linapewa kama bilioni 10, na zile ndogo nyekundu zitakuwepo muda ambao hatuwezi hata kuuwazia. Kwahiyo ukiangalia fungu unauliza tu, nani ameshaondoka kwenye mstari? Kilimia bado kina nyota kubwa za buluu, kina miaka kama milioni 100 na kidogo, ni kitoto. Fungu linaloitwa M67 kona yake iko chini sana, umri wake ni kama bilioni 4, karibu na jua letu. Na yale mafungu ya mviringo yenye nyota malaki mpaka mamilioni, yana miaka bilioni 12 hivi, yalikuwepo wakati galaksi yetu, huu mji mkubwa wa nyota ambamo jua letu limo, bado inajengwa. Yote hayo kwa kuangalia kona ya mstari tu! Nyota moja peke yake haikuambii umri wake kirahisi, lakini nyota na ndugu zake wakiwa wamesimama pamoja huwezi kukosea sana.

Na tena mafungu ndio yaliyotuambia tuko wapi. Mwanaastronomia wa Marekani Harlow Shapley kabla tu ya 1920 aliona mafungu ya mviringo mengi yamejaa upande mmoja wa anga, upande wa Mshale na Nge, akasema katikati ya galaksi ni kule, jua haliko katikati. Trumpler naye 1930 alilinganisha mafungu 100 akaona ya mbali yanafifia kupita kiasi, akagundua kati ya nyota kuna vumbi linalokula mwanga. Hilo vumbi linanisumbua mpaka leo, kila umri ninaoupata lazima nilitoe kwanza.

Ninachofuatilia mimi hasa ni wakaidi. Kwenye ile grafu juu ya kona, mahali ambapo kila mtu ameshaondoka, unakuta nyota chache za buluu bado zinang'aa kwenye mstari kama vijana. Allan Sandage aliziona 1953 kwenye fungu la M3 na tangu hapo zinaitwa nyota za buluu zilizobaki nyuma. Wenzao wa rika lao wameshazeeka, wao wametoa wapi nguvu? Jibu tunalolikubali sasa ni kwamba zimekula za jirani. Nyota nyingi zinaishi wawili wawili, mmoja akivimba kwenye uzee wake gesi yake inamwagikia mwenzake, au wawili wanagongana na kuwa moja, na yule aliyeongezewa anaonekana mchanga upya. Kwa baadhi yao darubini ya Hubble imeona pembeni kibete cheupe, yaani mabaki ya yule mwenza aliyetoa kila kitu. Nikifikiria hilo kwa muda mrefu linanitoa machozi, sijui kwanini.

2021 nilipata 5 kwenye fungu moja dogo ambalo hakuna aliyekua ameandika habari zake hizo. Nilifurahi nikampigia mama simu saa 11 alfajiri. Nikaandika kurasa 14. Msimamizi wangu akasoma akaniuliza swali moja, duara la mwendo ulilichora kubwa kiasi gani? (Ndio mpaka unaouweka, nyota ambayo mwendo wake uko ndani ya duara unaihesabu mwanachama.) Nikarudi kuangalia. Nilikua nimelipanua sana, nikaingiza wapita njia, nyota changa za njiani ambazo hazihusiani na lile fungu kabisa. Nilipolibana ikabaki 1. Moja tu. Lakini ile moja ni ya kweli, imepimwa kwa njia tatu, na tangu siku hiyo kila mwanafunzi wangu namwambia kabla hujashangilia nyota bana duara lako kwanza. Ni swali la Mzee wa geti lilelile, unajuaje ziko pamoja.

Mambo ya visa sitayaandika kwa urefu, nilishaalikwa kutoa mada Ulaya na pasi yangu ikarudi wiki moja baada ya mkutano kuisha, nilituma mada yangu kwa video na swali hata moja sikuulizwa. Iliniuma na bado inauma. Ndio maana Cape Town ilikua kubwa kwangu, nilikaa mstari wa mbele, mwezi mmoja tu kabla yake ilikua imetoka habari ya Omega Centauri, lile fungu kubwa la kusini la nyota kama milioni 10, watu wamelinganisha picha za Hubble za miaka zaidi ya 20 wakakuta nyota 7 karibu na katikati zinakimbia kupita kiasi, maana yake kuna shimo jeusi lenye uzito usiopungua jua 8,200. Mwendo tena! Na Omega Centauri tunaiona hapa kwetu kwa macho, mwezi wa 5 mwezi wa 6, kama pamba ndogo upande wa kusini. Sisi tuko kwenye mstari wa ikweta, ukitoka Kampala kuja Mbarara unaupita pale Kayabwe, na faida yake ni kwamba anga lote la kaskazini na la kusini linapita juu yetu, hakuna nchi ya Ulaya inayoweza kusema hivyo.

Kuna kitu sikumwambia Mzee usiku ule. Mafungu kama Kilimia hayadumu. Kila yanapozunguka galaksi yanavutwa huku na huku, nyota moja moja inachomoka, baada ya miaka milioni mia kadhaa linabaki fungu dogo na mwisho hamna. Fungu lililo karibu nasi zaidi, lile la usoni mwa kundinyota la Ng'ombe Dume, liko miaka nuru 153 tu, na 2019 Gaia ikaonyesha lina mikia miwili mirefu ya nyota zilizokwishatoka, moja mbele moja nyuma, mamia ya miaka nuru. (Huyo Ng'ombe wa angani ana pembe ndefu sana, wanafunzi wangu wa hapa Ankole niliwaonyesha wakasema huyu ni wetu.) Jua letu nalo karibu wote tunaamini lilizaliwa kwenye fungu, miaka bilioni 4.6 iliyopita, na ndugu zake sasa wametawanyika galaksi nzima, watu wanawatafuta kwa kulinganisha kemikali zilizo ndani yao. Mimi nikisoma pepa za namna hiyo nawaza watoto tuliocheza nao kambini, Waacholi, Walugbara, Wasoga, Watoro, nyumba za mabati zimepangana, mama zetu bomba moja la maji, alafu barua ya uhamisho inakuja na asubuhi lori liko mlangoni. Wako wapi sasa sijui, lakini nikimsikia mtu benki anaongea Kiswahili kile chetu najua ametoka pale.

Basi, mwezi wa 11 unakuja na Kilimia kitakua kinatokea mashariki jua likizama tu, ukifika saa 3 usiku kiko juu vizuri kaskazini mashariki, mvua ikikuruhusu. Jina lenyewe ni la kulima, na wahenga wa pwani walisema kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Huku kwetu kinapotea jioni mwishoni mwa mwezi wa 4 tukiwa ndani ya mvua, kinarudi alfajiri mwezi wa 6 kiangazi kimeshaingia, nimekiangalia miaka kadhaa na naona wahenga walijua. Walio Masaka najua mtapata shida, huo ndio msimu wa nsenene, wale panzi wa kuliwa, na zile taa kali za kuwategea kwenye mabati zinafuta anga lote, sogeeni mbali kidogo au subirini usiku umeme ukatike.

Naomba kitu kimoja. Hesabu unaona nyota ngapi kwa macho matupu, uniandikie namba na mahali ulipo, na kwa lugha ya kwenu zinaitwaje. Mzee wa geti alihesabu 6, mimi 7, mwanafunzi wangu mmoja anasema 9 na nimemwamini maana alizichora kwenye karatasi na zote zipo mahali pake. Jina la kwao Mzee analo, ila amesema anataka amuulize kwanza dada yake mkubwa kijijini kama analitamka sawasawa. Akirudi kutoka likizo Jumatatu nitaliweka hapa.